Barua ya wazi kwa bodi: sare za Januari zishonwe na wanafunzi wenu

Mwenyekiti na wajumbe wa bodi,

Shikamooni wakubwa zangu, na ninaowazidi umri hamjambo.

Jina la shirika sitalitaja. Ninyi mnajijua, na akina mama wa Mabatini, Igogo na Igoma hapa Mwanza wanawajua kwa mema mengi ambayo sina haja ya kuyarudia. Aliye mbali halihitaji jina, maana nadhani mashirika mengi ya kando ya ziwa hili yanafanya vilevile. Ninaandika hadharani kwa sababu haya niliyasema kwenye vikao vya walimu, yakaingia kwenye muhtasari, na muhtasari ukaingia kwenye faili.

Shirika lina idara mbili. Ya mafunzo inafundisha ushonaji, sabuni, upishi na saluni. Ya misaada inagawa sare za shule, madaftari, taulo za kike, sabuni, unga na mafuta ya kula. Ofisi zao zimetenganishwa na ukuta mmoja, lakini kwa hesabu za fedha ni kama moja iko Mwanza na nyingine Musoma.

Januari iliyopita idara ya misaada ililetewa maboksi ya sare kutoka duka la jumla. Mashati meupe, sketi za bluu, kaptula. Foleni ilipangwa uwanjani, watoto wakaitwa kwa majina, na katika foleni ile walikuwemo wanawake niliowafundisha mimi kushona sketi ileile. Wana vyeti vyenu nyumbani, mmevitia saini ninyi. Mmoja wao alipokea sketi ya binti yake, akaigeuza ndani nje palepale, akapitisha kidole kwenye mshono, akanitazama, akacheka. Kitambaa hakikuwa kimepigwa ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke, na pindo lilikuwa na upana wa kidole kimoja.

Kwa wajumbe wasioshona, niseme kidogo kuhusu pindo. Mtoto wa darasa la tatu hurefuka kabla mwaka haujaisha. Fundi wa mtaani, akijua mama hana fedha ya sketi nyingine mwakani, huacha pindo la vidole vinne ili lije lifumuliwe na sketi ishuke. Kiunoni huacha akiba ya kitambaa. Kwenye kaptula huweka kiraka cha ndani pale makalio yanaposugua dawati. Sare ya kwenye boksi haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa kuwa aliyeikata alikuwa anabana kitambaa, na mtoto atakayeivaa hamjui. Kufika Agosti watoto wale walikuwa wanaletwa kwangu, sketi ziko juu ya magoti, na sikuwa na kitambaa cha kushusha.

Sina ugomvi na aliyenunua. Aliambiwa anunue sare, akanunua. Na msaada wenyewe ni wa kweli: tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada kwenye shule zake, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari vilibaki mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo siombi msaada upungue. Naomba fedha ileile ipite mikononi mwa mama kabla sare haijamfikia mtoto. Kila mnachogawa ambacho wanafunzi wenu wanaweza kukitengeneza, kinunueni kwao.

Mhasibu alinijibu kwamba dukani ni bei nafuu. Kwa kipande kimoja, ni kweli. Ila hesabu yake imeacha nje fedha mliyotumia kumfundisha yule mama, na unga mnaompa kila mnapogawa chakula, na sare mnazompa kila mwaka, vyote hivyo kwa sababu amehitimu na hana kazi. Mkijumlisha, sketi ya dukani ni ghali sana.

Fundi mpya huangushwa na kukosa wateja. Mtu mwenye kitenge kizuri hakipeleki kwa aliyetoka darasani juzi. Anakipeleka kwa fundi anayemjua, hata akizungushwa njoo kesho mwezi mzima. Yule mpya anabaki kubadilisha zipu na kupunguza suruali za mitumba za soko la Mlango Mmoja, kazi ya shilingi chache inayokuja leo na kesho haiji. Baada ya muda anaacha. Sare ndiyo kazi inayomfaa kuanzia. Kitambaa ni cha rangi moja, hakina maua ya kulinganisha. Ramani ya kukatia ni ileile, kwa hiyo sketi ya kumi inatoka haraka kuliko ya kwanza, na ya hamsini anaishona huku anapiga soga. Akikosea, anafumua. Na majirani wakiona watoto wa mtaa mzima wamevaa kazi ya mkono wake, kitenge kitaletwa chenyewe.

Nakumbusha pia kwamba sheria ya manunuzi ya umma inazitaka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Utekelezaji wake tunaujua, una safari ndefu. Lakini kanuni ipo, na imeandikwa kwa ajili ya halmashauri na mashirika ya umma ambayo kazi yao ya kwanza hata si kusaidia maskini. Yenu ni hiyo. Sioni kwa nini muwe nyuma yao.

Kuhusu hofu ya kuchelewa, na ya kila sketi kuja na sura yake, mafundi tuna utaratibu wetu wa zamani. Kitambaa kinanunuliwa kwa jora. Mkataji anakuwa mmoja, anakata zote kwa ramani moja. Vipande vinafungwa mafungu, kila fundi anachukua fungu lake pamoja na nyuzi na vifungo, anashona, anarudisha, anakaguliwa, analipwa kwa kipande. Iliyopinda inarudi kwa aliyeipinda. Hivyo ndivyo sare za kwaya na za harusi zinavyoshonwa katika jiji hili, watu themanini wanavaa kitambaa kimoja Jumamosi na hakuna anayejua kwamba walishonewa na mafundi sita. Mkiuliza nani atasimamia, mimi na mwenzangu wa darasa la asubuhi tuko tayari.

Tatizo litakuwa cherehani, na hapa mnivumilie.

Wanafunzi wangu wengi wanakaa milimani. Anayeujua mji huu anajua maana yake: njia ni kati ya miamba, pikipiki inaishia chini, na ndoo ya maji inapanda kichwani. Cherehani ya meza yenye pedali ya chuma inapandishwa na vijana wawili kwa kupokezana. Ikifika juu haina pa kukaa, maana chumba ni kimoja, kitanda kimechukua nusu na watoto wamechukua iliyobaki. Za umeme mlizoletewa na wafadhili ni nzuri, zinakimbia, lakini nyumba yenye wapangaji sita ina mita moja ya LUKU, na cherehani ikianza kuunguruma tu, mjadala wa nani aongeze umeme unaanza nao. Nimeona mwanafunzi hodari akishona usiku wa manane akiwa amelaza kitambaa chini ya meza ili mlio usisikike kwa jirani.

Sasa, darasa letu lina cherehani zilizopangwa mstari, taa, meza ya kukatia na choo. Linafungwa saa tisa alasiri. Jumamosi na Jumapili halifunguliwi kabisa. Wahitimu waruhusiwe kulitumia saa hizo, wachangie umeme na mlinzi, na mtakuwa mmefungua karakana bila kujenga hata tofali moja. Hili naliomba hata kama mengine yote mtayakataa.

Kwa wale wachache mnaowapa cherehani ya kuondoka nayo, msiwape moja kwa moja. Najua ni maneno magumu kutoka kwa mtu anayewatetea. Lakini mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imeingia kila mtaa. Mtoto akiugua usiku, mama anakopa asubuhi, na kitu pekee chenye thamani ndani ya chumba ni kile chenye stempu yenu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila mkopeshaji awe na leseni. Anayekuja kubeba cherehani saa kumi na mbili asubuhi haonyeshi leseni, anaonyesha karatasi iliyosainiwa na mwenye shida. Cherehani iandikwe kuwa ni mali ya shirika kwa mwaka mzima wa kwanza, mama awe ameazimwa. Mkopeshaji akiambiwa hii si yangu, hana cha kubeba. Mwaka ukiisha na mama bado anashona, mpeni jumla.

Kuna jambo la mahudhurio ambalo limenifanya niwatetee watu kwenye ofisi ya mratibu mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kanuni yenu inasema anayekosa siku tatu mfululizo bila taarifa anafutwa. Walioiandika, nadhani, hawakuwahi kuishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo giza ndilo msimu wa fedha: alfajiri wanawake wako Mwaloni Kirumba, Igombe au Kayenze wanapakua, wanaanika, wanageuza, wanafunga magunia, na mvua ikitishia wanakimbia kuokota kila kitu. Hakuna mama mwenye akili timamu atakayeacha giza aje kujifunza kutoboa tundu la kifungo. Akifanya hivyo watoto watalala njaa, na ninyi ndio mtakaowapelekea unga.

Kalenda ya mwezi haibadilishwi na bodi. Inawezekana kuipanga ratiba juu yake: wiki za mbalamwezi darasa liwe la kutwa, wiki za giza liwe la alasiri tu, au lisiwepo. Na ugawaji wa chakula nao uangalie hukohuko. Mwezi wa nne uliopita unga uligawiwa katikati ya giza, wakati nyumba nyingi zilikuwa na chochote. Wiki mbili baadaye, mbalamwezi imejaa na mifuko mitupu, stoo ilikuwa imefungwa. Mambo haya hayaongezi gharama hata shilingi.

Niwe mkweli pia kuhusu darasa langu mwenyewe. Si kila mtu awe fundi cherehani. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari yaliacha kusubiri kivuko. Wote tulifurahi, na mimi nimelipita nikamshukuru Mungu. Ila kulikuwa na watu waliokuwa wakiishi kwa foleni ile: wauza mahindi ya kuchoma, ndizi, samaki wa kukaanga, chai. Baadhi yao wamehamia kwa ndugu zao mjini, wamefika kwenu, na wameandikishwa ushonaji kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwanamke aliyeuza samaki kwa abiria wa mabasi miaka yote hiyo anajua bei, anajua wateja, anajua kuamka. Anachohitaji ni mtaji, jiko na sehemu yenye watu. Kumkalisha kwenye cherehani miezi sita ni kumpotezea muda wake na kunipotezea kiti. Aulizwe kwanza anajua nini. Kama ni wa samaki, pale Nyegezi kuna chuo cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, wanaojua kufundisha uanikaji wa dagaa juu ya vichanja badala ya mchangani, na dagaa asiye na mchanga ana bei nyingine kabisa. Sijui kama kuna aliyewahi kutoka kwenu kwenda kuongea nao.

Sabuni sitaisemea sana, si fani yangu. Nasema tu kwamba sabuni ya maji ya wanafunzi wenu inafungwa kwenye chupa zilizookotwa, halafu tunashangaa shule na zahanati hazinunui. TBS, shirika la viwango, huwapa wajasiriamali wadogo nembo ya ubora kwa kupitia barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na SIDO ipo hapahapa jijini. Mtu mmoja wa ofisini akipewa kazi hiyo na kuifuatilia, sabuni itapata soko, na mteja wa kwanza mnaweza kuwa ninyi, kwani nanyi mnagawa sabuni.

Vikundi navyo. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, mwaka uliofuata ikarudi. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Wanafunzi wetu wanahitimu mmojammoja, kila mtu na cheti chake, wanatawanyika, kisha tunawaambia wakatafute kikundi. Kikundi kiundwe darasani, wakiwa bado wanaonana kila siku na wanajuana nani mvivu na nani mwaminifu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata aitwe kabla ya mahafali, si siku ya mahafali akae meza kuu anywe soda.

Na picha. Mtoto akipewa sare hapaswi kushikilia boksi mbele ya bango lenye nembo, mama yake pembeni akiambiwa atabasamu. Watoto wanachekana shuleni. Simu za wazazi zina picha hizo. Mfadhili akitaka uthibitisho, apelekewe picha ya mama akiwa kwenye cherehani, tena akiridhia.

Taarifa yenu ya mwaka, ile ambayo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inawataka muitoe pamoja na hesabu zilizokaguliwa, inahesabu waliohitimu. Nimeisoma yote. Inasema wangapi walipokea vyeti, wangapi walipokea unga, wangapi walipokea sare. Haisemi wangapi kati ya waliohitimu walikuwa wanashona mwaka mmoja baadaye, wala wangapi hawakuhitaji tena kurudi foleni. Mkianza kuuliza swali hilo, mtapata majibu yasiyopendeza mwaka wa kwanza. Wafadhili wenye busara watayaheshimu. Wasio na busara watawakimbia, na hao hata wakibaki watawaagiza mambo ya maboksi tu.

Narudi kwenye sare, kwa sababu zina muda wake. Kitambaa hupanda bei Desemba kila mwaka, wazazi wote wanapokimbilia madukani. Mkinunua majora Septemba, Oktoba tunakata, Novemba na wiki za mwanzo za Desemba tunashona, na sare zinakuwa stoo kabla shule hazijafunguliwa. Mkichelewa hadi Novemba, msianze, mtatulaumu bure. Vipimo vya watoto viko kwenye daftari la msimamizi wa stoo, waongezewe inchi moja kila mmoja kwa mwaka uliopita. Nimeshona sampuli ya sketi, ya kaptula na ya shati, nimeziacha kwa katibu pamoja na mchanganuo wa kitambaa, nyuzi, vifungo na ufundi. Zigeuzeni ndani nje mkague mishono.

Naomba hili liwe ajenda ya kikao chenu kijacho cha robo mwaka, na mniite nijibu maswali. Nitakuja na mmoja wa wahitimu. Bei ya kipande pataneni naye, mimi nitakaa pembeni.

Wenu,
Fundi na mwalimu wa ushonaji, darasa la mchana
Mabatini, Mwanza